Barua Mbili

Katika miaka ya uchungaji wangu nimeandika barua nyingi za utambulisho. Nimewaandikia washarika wanaohamia mjini, vijana wanaoomba nafasi vyuoni, na wajane wanaofuatilia mafao ya waume zao. Nyingi nimekwisha kuzisahau. Lakini zipo mbili ambazo sitazisahau, na zote mbili zinamhusu binti mmoja wa usharika wangu wa zamani. Ya kwanza niliiandika kwa dakika tano na kuigonga mhuri. Ya pili ilinichukua usiku mzima. Nasimulia habari zake kwa ruhusa ya binti huyo, ila jina lake naliacha, kwa sababu najua kwamba mchungaji mwenzangu au mzee wa kanisa anayesoma kitabu hiki ataombwa barua kama hiyo, kama si leo basi kesho.

Mwaka 2023 nilikuwa nikihudumu katika usharika mmoja kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Jumapili moja, ibada ilipokwisha na watu wakiwa nje kwenye mnada wa sadaka za mazao, msharika mmoja alinijia akiwa na mgeni aliyevaa suti. Mgeni alisema yeye ni wakala wa ajira za nje. Alieleza kwamba Uingereza ina upungufu mkubwa wa watu wa kuhudumia wazee, na kwamba serikali ya huko imefungua viza kwa ajili ya kazi hiyo. Hayo yalikuwa kweli. Tangu Februari 15, 2022, wahudumu wa wazee waliruhusiwa kuingia Uingereza kwa viza ya wafanyakazi wa afya na huduma, mradi wawe na mwajiri mwenye leseni ya kuwadhamini. Uongo ukitaka kuingia kanisani hauji peke yake. Huja umeshikana mkono na jambo la kweli. Jumapili iliyofuata nilimpa kipaza sauti wakati wa matangazo.

Gharama aliyotaja ilikuwa shilingi milioni 18 kwa mtu mmoja. Wengi waliishia hapo. Mmoja wa wachache walioendelea alikuwa binti wa mzee wetu wa kanisa, mama wa mtoto wa miaka sita, mwalimu wa chekechea. Watu wote wa mtaa wao walimfahamu kwa jambo moja: alimwuguza bibi yake miaka mitatu, akimgeuza kitandani, akimwogesha na kumlisha, mpaka bibi alipolala katika Bwana. Baba yake alikopa SACCOS. Kihamba hakiuzwi, lakini alikuwa na shamba la mahindi huko tambarare, na hilo aliliuza.

Wakala alitaka barua ya mchungaji. Alikuja na mfano wake tayari. Sehemu ya kwanza ilisema mwombaji ni mwaminifu na mwenye tabia njema. Sehemu ya pili ilisema usharika umejiridhisha na nafasi hiyo ya kazi. Niliinakili yote kwenye karatasi yenye nembo, nikatia saini, nikagonga mhuri wa bluu. Kuhusu sehemu ya kwanza nilikuwa na ushahidi wa miaka mingi. Kuhusu sehemu ya pili sikuwa na kitu. Hatukuwa tumempigia mtu simu, hatukuwa tumesoma mkataba, hatukujua hata kampuni ile iko mji gani. Kisha tukamwombea binti mbele ya madhabahu, kwaya ikaimba, akaondoka.

Mapema mwaka 2024 dayosisi ilinituma na mimi Uingereza, kwa uhusiano wetu na kanisa la huko, nihudumu kati ya waumini wanaozungumza Kiswahili. Ibada yetu ilikuwa mchana, katika kanisa la kuazima, baada ya wenyeji kumaliza ya kwao. Mimi mwenyewe niliingia nchini kwa cheti cha udhamini. Kanisa lililonipokea lilikuwa na leseni, na viza yangu ilisimama juu ya leseni hiyo. Wakati ule sikulifikiria sana jambo hilo.

Binti alipata habari kwamba mchungaji wa nyumbani amekuja. Alisafiri saa mbili kwa basi. Aliponiona mlangoni alipiga goti kidogo kama tufanyavyo kwetu, akasema, “Shikamoo, Baba Mchungaji,” na kabla sijaitikia machozi yalikuwa yanamtoka.

Kampuni iliyomleta ilikuwa ya kuzungukia wazee majumbani mwao. Mkataba wake ulisema saa 39 kwa wiki. Kuna wiki alipata saa 9. Alilipwa dakika alizokuwa ndani ya nyumba ya mzee tu. Muda wa kwenda nyumba nyingine haukuhesabiwa, hata kama ilikuwa safari ya dakika arobaini kwenye mvua. Walilala wanawake sita katika nyumba ya vyumba vitatu, na kila mmoja alidaiwa kwao. Viza yao haikuwaruhusu kupata misaada ya serikali. Wakilalamika, meneja aliwakumbusha nani ameshika karatasi zao.

Oktoba mwaka huo Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza iliifutia kampuni hiyo leseni ya udhamini. Mtu akisikia hivyo anaweza kusema, afadhali, mwizi amekamatwa. Ni kweli. Lakini sikieni jinsi utaratibu unavyokwenda. Leseni ikifutwa, viza ya mfanyakazi inapoteza mguu wake. Wizara humwandikia barua kwamba muda wake wa kukaa umepunguzwa, kwa kawaida hadi siku 60. Ndani ya siku hizo apate mwajiri mwingine mwenye leseni, apewe cheti kipya cha udhamini, na awe amekwisha kutuma maombi mapya ya viza. Akishindwa, aondoke. Na hata akifanikiwa kuomba, haruhusiwi kuanza kazi mpya mpaka jibu litoke. Deni la SACCOS, lakini, halipunguzwi hata kwa siku moja.

Hakuwa peke yake. Kwa maelezo ya serikali ya Uingereza yenyewe, kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 zaidi ya leseni 470 zilifutwa katika sekta hii ya huduma, na wafanyakazi zaidi ya 39,000 walikuwa wamehusishwa na waajiri hao tangu Oktoba 2020. Ni wageni waliokuja kuwaogesha wazee wa watu wengine, na ambao kosa la mwajiri liliwafikia kabla mwajiri mwenyewe hajaona aibu.

Jambo lililoniuma zaidi nililisikia katika chai baada ya ibada yetu. Waumini wenzetu, waliokaa Uingereza muda mrefu, walisema, “Hao ni wale wa vyeti vya kununua.” Mwingine akasema, “Walijua walichokuwa wanafanya.” Nilikaa kimya na kikombe changu. Nilipokuwa chuo cha theolojia, mwalimu wetu wa Katekisimo Ndogo ya Luther alikuwa akitusisitizia kwamba amri ya nane ilizaliwa mahakamani. Haikuletwa kwanza kwa ajili ya umbeya wa kisimani. Ililetwa kwa sababu neno la shahidi mmoja linaweza kumpotezea mtu shamba lake au uhai wake. Na sote tuliokaa darasa la kipaimara tunakumbuka jinsi Luther anavyoieleza: hatosheki kutukataza uongo, anatudai pia tumtetee jirani, tumnene vema, na tuyafasiri mambo yake kwa upande ulio mwema. Pale kwenye chai nilijua kwamba amri hiyo inavunjwa mbele yangu. Sikuwa bado nimejua ni nani aliyeanza kuivunja.

Nililijua wiki iliyofuata. Siku zake zilikuwa zimebaki 41. Alikuja na faili la plastiki aliloliandaa kwa ajili ya usaili, ili nilipitie. Alikuwa amelipanga vizuri, pasipoti, cheti cha Kiingereza, vyeti vya mafunzo. Ukurasa wa kwanza kabisa ulikuwa barua yangu. Mhuri wa bluu ulikuwa bado unang’aa.

Nikamwambia, “Hii itoe.”

“Kwa nini, Baba Mchungaji? Hii ndiyo nzuri kuliko zote.”

Nikamweleza kwamba sentensi ya pili haikuwa kweli. Kwamba sikuwahi kuhakikisha chochote kuhusu kampuni ile. Kwamba maneno aliyaleta wakala na mimi nikayanakili.

Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema kwa sauti ndogo, “Nilidhani uliwajua. Baba alisema, kama Mchungaji amesaini, basi wanajulikana.”

Wapendwa, nimehubiri mahubiri mengi juu ya toba. Sikumbuki kama nimewahi kuhubiriwa kwa maneno machache kama hayo.

Sasa nieleze habari ya upande wa pili, yaani upande wa waajiri, maana niliwekwa humo bila kutafuta. Kanisa lililonipokea lina uhusiano na makao madogo ya wazee, yenye wazee 28, yanayoendeshwa kama shirika la hisani. Nilikuwa nimeombwa niwe mjumbe wa bodi. Makao yalikuwa na leseni ya udhamini, yalikuwa yamesajiliwa na chombo cha serikali kinachokagua huduma, na yalikuwa na upungufu wa wafanyakazi hasa zamu za usiku. Habari za kufungwa kwa kampuni ile zilipoenea, barua za maombi zilianza kufika. Walikuwa watu saba, wote wenye siku zinazohesabika, na binti yetu akiwa mmoja wao.

Bodi ilipokutana, mwenyekiti aliniomba nifungue kwa neno fupi. Nilichagua Ruthu sura ya 4, na nakiri kwamba nilichagua kwa makusudi. Ruthu ni mgeni aliyekuja na mama mkwe mzee, akamhudumia, akaokota masazo ili wale. Ndugu wa karibu aliyepaswa kumkomboa alikataa, kwa hofu ya kuharibu urithi wake mwenyewe. Boazi ndiye aliyesimama. Nilipomaliza niliona nimewakamata.

Mtunza hazina, mzee wa miaka sabini na kitu, alivua miwani. Alisema, “Yule ndugu wa karibu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na urithi wa kulinda. Mimi nina wazee 28. Wizara ikija kutukagua na kutukuta tuna kasoro, tukapoteza leseni, wafanyakazi wetu wote wenye viza wataingia kwenye siku 60 kama hawa. Nawe, Mchungaji, usisahau kwamba kanisa lako nalo lina leseni.”

Sikuwa na jibu. Alikuwa amesema kweli, na alikuwa amenigusa mahali ambapo sikutaka kuguswa. Mimi na binti yule tulikuwa na karatasi za aina moja. Tofauti yetu ilikuwa kwamba aliyenidhamini mimi alikuwa mwaminifu.

Meneja wa makao, mama kutoka Zimbabwe aliyeifanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini, ndiye aliyetufungulia njia. Alikuwa amekwisha kuzungumza na ofisi ya mkoa inayowasaidia wafanyakazi walioachwa na waajiri wa namna hiyo, maana serikali ilitenga fedha kwa kazi hiyo. Alisema hakuna kanuni inayokataza kumwajiri mtu kwa sababu mwajiri wake wa zamani alifutiwa leseni. Tutakachokaguliwa ni kazi tunayotoa sisi: Je, ipo kweli? Saa zilizoandikwa ndizo anazofanya? Mshahara ulioahidiwa ndio unaolipwa? Wakati ule mshahara wa mdhaminiwa katika kazi hii haukutakiwa kupungua pauni 23,200 kwa mwaka. Pia kila mmoja angepaswa kuchunguzwa kumbukumbu zake za uhalifu, tarehe za viza yake zisomwe vizuri, na gharama za mwajiri zilipwe na mwajiri. Kwa shirika dogo la hisani kama letu, ada moja tu ya serikali ilikuwa pauni 364 kwa kila mfanyakazi kwa mwaka, na hiyo sheria hairuhusu kumwangushia mfanyakazi.

Mtunza hazina akasema, “Basi kila cheti kiwe na zamu zake. Nileteeni ratiba. Nikiona zamu za kweli, nitapiga kura ya ndiyo.”

Nilipokuwa nikirudi nyumbani jioni ile nilimkumbuka tena Boazi, na safari hii nilimsoma vizuri zaidi. Hakumchukua Ruthu kwa siri kutoka kwenye uwanja wa kupuria. Alikwenda langoni pa mji, akaketi, akawaita wazee kumi, na neno likasemwa mbele ya mashahidi. Huruma yake ilipita langoni. Mzee wetu wa hazina, niliyemdhania kuwa yule ndugu aliyekataa, ndiye aliyekuwa ametuketisha langoni.

Ratiba ilitengenezwa. Ilionyesha nafasi nne. Watu walikuwa saba.

Kabla ya usaili nilitamka mbele ya bodi kwamba mmoja wa waombaji namfahamu, kwamba baba yake ni mzee wa kanisa kwetu, na kwamba nina deni naye. Nikatoka chumbani. Nilikaa kwenye korido na bibi mmoja wa miaka tisini aliyekuwa akiniuliza kila baada ya dakika chache kama basi limefika. Waliochaguliwa walikuwa wanne, wote wenye uzoefu mrefu wa watu wenye ugonjwa wa kusahau. Binti yetu hakuwemo. Alikuwa wa tano.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilikwenda kwa meneja. Nilimwomba jambo ambalo leo naona haya kuliandika. Nilimwomba atoe cheti cha tano. Nikasema, “Zamu zitapatikana baadaye. Hata zikiwa chache mwanzoni, angalau atakuwa na karatasi.”

Mama yule alinitazama kwa upole. Akasema, “Mchungaji, cheti kisicho na kazi ndicho kilichomfikisha hapa alipo.”

Alikuwa amesema jambo ambalo mimi, mwenye shahada ya theolojia, nilikuwa nimeliona kwa wengine na kushindwa kuliona kwangu. Wakala alikuja na sentensi isiyo ya kweli kwa ajili ya fedha. Mimi nilikuja na sentensi isiyo ya kweli kwa ajili ya huruma. Lakini ilikuwa sentensi ileile, na ambaye angeibeba mgongoni siku ya ukaguzi ni binti yuleyule, pamoja na wale wanne. Kumpenda jirani hakunipi ruhusa ya kumshuhudia uongo, hata uongo wa kumsaidia.

Kisha meneja akaongeza, “Kaa chini. Tuanze kupiga simu.”

Alikuwa na orodha ya makao mengine kutoka ile ofisi ya mkoa. Tulipiga simu siku hiyo na siku zilizofuata. Wengine walisema hawana leseni. Wengine walisema hawataki watu wa kampuni zilizofungwa, na hapo nilipata nafasi ya kufanya kile ambacho sikukifanya kwenye chai: niliwaambia kwamba hawa ndio walioibiwa, si walioiba. Siku zikiwa zimebaki 15, makao moja katika mji wa pwani yalikubali kumsaili. Yalikuwa na nafasi ya kweli, saa 39, na yalitaka barua mbili za watu wanaomfahamu. Kampuni ya zamani haikupokea tena simu. Barua moja iliandikwa na binti wa bibi mmoja wa Kiingereza ambaye alikuwa akimhudumia nyumbani. Ya pili ilikuwa yangu.

Niliketi mezani na karatasi tupu. Kila sentensi niliiuliza: Je, hili umeliona mwenyewe? Niliandika kwamba namfahamu kwa miaka saba. Niliandika kwamba nilimtembelea bibi yake mara nyingi nikimpelekea ushirika mtakatifu kitandani, na kila mara nilikuta shuka safi na mgonjwa asiye na vidonda vya mgongo, katika nyumba isiyo na maji ya bomba ndani. Niliandika kwamba sijawahi kumwona akiwa kazini Uingereza, kwa hiyo juu ya hilo wamwulize yule mama mwingine. Niliandika kwamba mwajiri wake alifutiwa leseni, na kwamba kwa ninavyojua yeye hakuhusika na makosa hayo bali aliumizwa nayo. Kulipokucha nilikuwa na ukurasa mmoja. Haukuwa na mhuri. Sikuwa nao tena.

Walimchukua. Siku ya ofa zilikuwa zimebaki siku 11. Maombi ya viza yalitumwa zikiwa zimebaki 6. Halafu alisubiri wiki saba bila ruhusa ya kufanya kazi. Akina mama wa ibada yetu walimpokea, na miongoni mwao alikuwa yule aliyesema habari ya vyeti vya kununua. Alimpa chumba cha mwanawe aliyekuwa chuoni. Hakuomba radhi kwa maneno. Alinunua unga wa ugali gunia zima.

Kati ya wale wawili wengine waliobaki, mmoja alipata kazi mji mwingine. Mmoja hakupata. Alirudi kwao na deni lake, na sina habari zake. Namtaja hapa kwa sababu simulizi za ushuhuda zina tabia ya kuwasahau wa namna hiyo.

Mwaka 2025 nilikuja nyumbani likizo. Nilipanda hadi kwa mzee wa kanisa, baba wa binti. Tulikaa chini ya migomba. Nilimwambia yote juu ya barua ya kwanza, bila kumsingizia wakala sehemu iliyokuwa yangu. Mjukuu wake alikuwa akicheza karibu na zizi.

Mzee aliangalia chini muda mrefu. Kisha akasema, “Mchungaji, wewe ulisaini barua. Mimi nilisaini hati ya shamba. Wote wawili hatukuuliza.” Akanyamaza tena. “Sasa huko aliko, wanamlipa saa zake zote?”

“Zote, Mzee. Nimeona karatasi ya mshahara.”

“Basi tuombe,” akasema, na aliyeomba ni yeye.

Jumapili iliyofuata, kwa idhini ya mchungaji aliyenifuata pale, nilisimama katika nafasi ileile ya matangazo na kuwaambia washarika nilichofanya. Baraza la wazee limeamua tangu hapo kwamba hakuna wakala atakayepewa kipaza sauti, na kwamba barua ya usharika itasema tu yale ambayo usharika umeyaona. Waliuliza maswali mengi baada ya ibada, nami nawaandikia hapa majibu yale yale, kwa kuwa kila usharika una watoto wanaotamani kwenda.

Orodha ya waajiri wenye leseni ya udhamini Uingereza iko wazi kwenye tovuti ya serikali yao. Mtu yeyote anaweza kuisoma. Lakini kampuni ile ilikuwemo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo jina kuwepo halitoshi. Tazameni fedha. Sheria za huko hazimruhusu wakala wa ajira kumtoza mtafuta kazi kwa kumtafutia kazi. Anayedai mamilioni ili akupe kazi amekwisha kujitambulisha. Tena, tangu Julai 22, 2025, Uingereza imefunga maombi mapya ya viza ya wahudumu wa wazee kutoka nje ya nchi. Walioko ndani wanaweza kubadili mwajiri hadi Julai 2028 kwa masharti yaliyowekwa. Kwa hiyo anayekuja leo na suti akiuza nafasi hiyo anauza mlango uliofungwa.

Na kama unasoma haya ukiwa huko ughaibuni, na una sauti katika makao ya wazee au kampuni ya huduma, nakuomba: barua ikija kutoka kwa mtu ambaye mwajiri wake amefutiwa leseni, usiiweke chini ya rundo. Angalia kama una zamu za kweli. Kama unazo, nenda langoni, lipa gharama zako, mwandikie saa zake, umlipe hizo. Kama huna, mwambie mapema, maana siku zake zinahesabiwa, kisha chukua simu umtafutie aliye nazo.

Barua ya kwanza binti alinirudishia siku alipohamia mji wa pwani. Ninayo ndani ya Katekisimo yangu, kwenye ukurasa wa amri ya nane. Mtu akija kuniomba barua, naufungua ukurasa huo kwanza, halafu ndipo namwambia akae, anieleze.